Simu Inasema 704, Benki Inasema 655: Mkopaji Mmoja na Alama Zake Nyingi

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya elimu ya fedha kwa familia za Waswahili waishio Marekani



Niliombwa nizungumzie namna ya kupandisha kredit. Nikaomba radhi, nikaomba na ruhusa ya kubadilisha. Walimu wa kupandisha wapo tele mitandaoni, na baadhi yao wanataka dola 500 kabla hawajafungua mdomo. Swali ninaloletewa mezani kila msimu wa kodi, nikiwa nawajazia watu fomu zao, ni jingine kabisa: "Mbona simu inasema hivi na benki inasema vile? Nani kati yao ananidanganya?"

Mara nyingi hakuna anayedanganya. Mtu hana alama moja ya mikopo, anazo nyingi kwa wakati mmoja. Ile anayoitazama bure kila asubuhi huku akipiga mswaki huenda mkopeshaji wake hajawahi hata kuiona.

Nianze na jamaa mmoja, mwenyeji wa Kigoma, dereva wa lori la safari ndefu. Alikuja kwangu na mkewe mwezi wa nne, uso umemshuka. Walikuwa wamepata nyumba waliyoipenda, na mama alishajua pazia zipi zitakaa sebuleni na zipi chumbani. Kwenye simu ya mzee, programu ya bure ilionyesha 704, imeandikwa kwa rangi ya kijani. Wakaenda kwa afisa wa mikopo ya nyumba. Afisa akabonyeza kompyuta yake, akachapa karatasi yenye safu tatu: 671, 648, 655. Za mama zilikuwa 702, 688, 690. Afisa akazungushia duara namba moja tu, 655, akasema riba ya mkopo wa familia nzima itapangwa kwa hiyo.

"Wameninyang'anya pointi hamsini kasoro moja njiani," mzee akaniambia. "Nimezidondosha wapi?"

Nitarudi kwake. Kwanza twende dukani kwa Mangi.

Daftari la duka

Sote tuliokulia uswahilini tunalijua daftari la madeni. Mangi wa kona ana lake, Mpemba wa mtaa wa pili ana lake. Kwa Mangi umechukua unga na sukari, mwisho wa mwezi umelipa, jina lako limekatwa kwa kalamu. Kwa Mpemba umechukua mafuta ya taa tangu Ramadhani na unapita njia ya nyuma ili asikuone. Mgeni akiuliza habari zako kwa Mangi ataambiwa wewe ni mtu mwema. Akiuliza kwa Mpemba, asikuambie alichosikia. Hakuna aliyesema uongo hapo. Kila mmoja amesoma kilichoandikwa kwenye daftari lake.

Mfano huu sikuuchagua kwa sababu ni mtamu tu. Kampuni ya Equifax ilianza hivyohivyo. Cator Woolford alikuwa akiwaorodheshea wenye maduka ya vyakula wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, wateja wao na tabia zao za kulipa: nani hulipa mapema, nani huchelewa, nani asipewe kitu mpaka atoe taslimu. Mwaka 1899 yeye na ndugu yake Guy wakafungua kampuni Atlanta kwa biashara hiyo. Leo zipo tatu kubwa za kitaifa: Equifax, TransUnion na Experian. Zote ni kampuni binafsi zinazoshindana. Si ofisi za serikali, ingawa barua zao zinatisha kama za serikali.

Hapa ndipo sisi tunapopotea kwa sababu ya tulikotoka. Wakenya mliomo humu mnazijua TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kwenu "kuwekwa CRB" maana yake ni kuandikwa vibaya. Watanzania mna Creditinfo na Dun & Bradstreet, zilizopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2013. Lakini Tanzania benki zinawajibika kupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni hizo huchota humo. Daftari mama ni moja. Marekani hakuna daftari mama, na hakuna sheria inayomlazimisha mkopeshaji kupeleka habari zako kwa kampuni zote tatu. Anaweza kupeleka kwa zote, kwa mbili, kwa moja, au asipeleke kabisa. Benki kubwa kwa kawaida hupeleka kote. Yule aliyekuuzia gari kwenye uwanja wenye bendera za plastiki, na kukuambia atakukopesha mwenyewe, huenda hapeleki popote mpaka siku utakayoshindwa kulipa.

Kwa hiyo kabla hatujagusa hesabu yoyote, mafaili yenyewe ni matatu na hayafanani. Faili la nyumbani nalo kwa kawaida halivuki bahari. TransUnion ya Nairobi na ya Chicago zina jina moja, lakini kule kulipa kwako vizuri kwa miaka kumi hakukupokei uwanja wa ndege.

Na kuna neno letu la fahari: "Mimi sidaiwi na mtu." Kwetu ni sifa ya kupewa binti wa watu. Huku maana yake ni kwamba hakuna anayekujua.

Majina yetu, na tarehe mosi Januari

Hapa naomba tukae kidogo, maana vitabu vya Kizungu vya elimu ya fedha haviligusi jambo hili, nalo ndilo linalotuumiza.

Kampuni hizi hukutambua kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya Social Security. Sasa tazama sisi. Jina la tatu la mtu ni la babu yake, la pili ni la baba yake, na ndugu watano wa nyumba moja wanayatumia yote mawili. Mohamed kwenye kitambulisho ana m moja katikati, kwenye kadi ya benki ana mbili, na aliyemwandikisha umeme akaandika Muhammad. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe mosi Januari. Nimejaza fomu za familia ya watu saba wenye mwaka tofauti na siku ileile. Tena wote wanakaa ghorofa moja, mlango mmoja.

Kwa mashine inayolinganisha majina, hao ni mtu mmoja aliyekosewa herufi.

Nimewahi kuletewa kesi ya ndugu wawili kutoka Bukavu. Majina yao ya kwanza yanaanza kwa herufi moja, ya baba na babu ni yaleyale, tarehe ni mosi Januari, anwani moja. Mdogo alichukua gari la mkopo, kazi ikaisha, gari likavutwa usiku. Kaka hakuwa na habari kwamba deni hilo limeingia kwenye faili lake, na lilikuwa limeingia kwenye kampuni moja tu kati ya tatu. Kwenye mbili alikuwa mtu safi, kwenye ya tatu alikuwa mtu aliyenyang'anywa gari. Tofauti ya alama ilizidi pointi 100. Aliomba kadi mbili siku moja, akapewa moja na kunyimwa nyingine, akadhani ni ubaguzi. Kumbe kila benki ilikuwa imefungua daftari lake.

Tulichofanya ni kuandika barua kwa kampuni ile, tukaambatisha nakala ya kitambulisho chake na ya kadi ya Social Security, tukaipeleka kwa posta ya kusainiwa. Sheria ya Fair Credit Reporting Act ya mwaka 1970 ndiyo inayotupa nguvu hapa. Ukipinga taarifa, kampuni ina siku 30 kwa kawaida za kuchunguza, na isipoweza kuithibitisha inaiondoa. Iliondolewa. Na msidhani ni mkosi wetu peke yetu. Utafiti wa Tume ya Biashara ya Marekani uliotangazwa mwaka 2013 ulikuta mtu mmoja kati ya watano ana kosa lililothibitishwa kwenye angalau ripoti moja kati ya zake tatu.

Ushauri wangu ni mdogo lakini ushikeni: chagueni namna moja ya kuandika jina, ileile ya kwenye kadi ya Social Security, na muitumie kila mahali, hata kwenye bili ya simu.

Daftari moja, wasahihishaji wengi

Mafaili yakishakuwa matatu, huja fomula. Waliomaliza kidato cha nne Tanzania wakati ule wa kutoka divisheni kwenda GPA na kurudi tena divisheni watanielewa haraka. Mwanafunzi ni yuleyule, na alichokiandika kwenye mtihani ni kilekile, lakini ngazi aliyopangiwa ilitegemea amemaliza mwaka gani.

Fomula maarufu zaidi ni ya FICO. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1956 na mhandisi Bill Fair na mwanahesabu Earl Isaac, na alama yao ya jumla inayotumia mafaili ya kampuni za taarifa ilitoka mwaka 1989. Mwaka 2006 kampuni zile tatu ziliungana kutengeneza ya kwao, VantageScore. Zote mbili sasa huanzia 300 na kuishia 850, na kufanana huko kumewapoteza wengi. VantageScore za mwanzo zilianzia 501 hadi 990, na kipimo kilibadilishwa mwaka 2013 toleo la tatu lilipotoka. Kwa maoni yangu, ingekuwa heri wangeacha vipimo vikawa tofauti. Mtu akiona 900 kwenye simu na 700 benki angeuliza. Akiona 704 na 655 anadhani ameibiwa.

Tena FICO yenyewe si moja. Lipo toleo la 8 la mwaka 2009, la 9 la mwaka 2014, la 10 na 10T ya mwaka 2020, na matoleo ya zamani ambayo bado yanafanya kazi. Yapo pia ya magari na ya kadi, ambayo huanzia 250 hadi 900. Mkopeshaji hahami toleo kwa sababu jipya limetoka, kama vile wewe huuzi lori kwa sababu modeli mpya imeonyeshwa kwenye maonyesho. Kuhama kunamgharimu mifumo na mafunzo, na anaijua historia yake ya hasara kwa toleo alilolizoea.

Zinatofautiana wapi? Chukua deni lililouzwa kwa wakusanya madeni, kisha ukalilipa lote. VantageScore ya tatu hailihesabu. FICO 9 nayo hailihesabu. FICO 8 bado inalihesabu, isipokuwa kama deni la asili lilikuwa chini ya dola 100. Matoleo ya zamani hayana huruma hiyo. Au chukua mtu anayetafuta mkopo wa gari na kuuliza bei sehemu nyingi. FICO za karibuni hukusanya maulizo hayo yote ya siku 45 na kuyahesabu kama ulizo moja, lakini za zamani hufanya hivyo kwa siku 14 tu. Ukizunguka kwa wauzaji magari mwezi mzima, fomula moja itakuona mnunuzi makini na nyingine mtu anayehaha.

Na wageni wapya sikilizeni hapa. FICO haikupi alama mpaka uwe na akaunti yenye umri wa miezi sita, na pawe na taarifa iliyoletwa ndani ya miezi sita iliyopita. VantageScore inaweza kukupa namba ndani ya mwezi mmoja hivi. Ndiyo maana kijana aliyefika majuzi ananionyesha simu yenye 680, halafu benki inamwandikia kwamba hana alama kabisa. Zote zimesema kweli.

Tofauti hizi zina uzito gani? Mwaka 2012 ofisi ya serikali ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ililinganisha alama zinazouzwa kwa wananchi na zile zinazouzwa kwa wakopeshaji, ikitumia mafaili 200,000 kutoka kila kampuni. Kwa sehemu kubwa zilikwenda pamoja, aliye juu huku alikuwa juu na kule. Lakini karibu mtu mmoja kati ya watano angeweza kujikuta kwenye kundi tofauti na lile ambalo mkopeshaji angemweka. Januari 2017 ofisi hiyohiyo iliziamuru Equifax na TransUnion zilipe zaidi ya dola milioni 23, faini na fidia, kwa kuwapotosha watu kwamba alama walizouziwa ndizo ambazo wakopeshaji kwa kawaida hutumia.

Ipi inatumiwa na nani

Alama haikutengenezwa kwa ajili yako. Ilitengenezwa kwa ajili ya anayetaka kujua kama utamlipa, na yeye ndiye anayeinunua. Kwa hiyo anayechagua ni yeye. FICO hujinadi kwamba asilimia 90 ya wakopeshaji wakubwa wanatumia alama zake, na hata ukipunguza maneno ya biashara, ndiyo ya kuiwazia kwanza.

Kadi za mkopo mara nyingi ni FICO 8 au toleo lake la kadi, na benki nyingi huvuta kutoka kampuni moja tu. Magari ni FICO ya magari, ambayo hutazama kwa jicho kali ulivyolipa magari yako ya nyuma. Mwenye nyumba ya kupanga anaweza kutumia chochote, na wengi wao hawajui hata jina la alama waliyoisoma.

Mikopo ya nyumba ndiyo yenye mila yake. Mikopo mingi huuzwa baadaye kwa kampuni za Fannie Mae na Freddie Mac, na hao wawili kwa miaka mingi walidai matoleo ya zamani: FICO 5 kutoka Equifax, FICO 4 kutoka TransUnion, FICO 2 kutoka Experian. Mkopeshaji anavuta zote tatu na kuchukua ya katikati. Zikipatikana mbili, anachukua ya chini. Wakiwa mume na mke, kila mmoja anatafutiwa ya katikati, na bei ya riba kwa kawaida hufuata aliye chini. Mambo yameanza kusogea. Oktoba 2022 mamlaka inayowasimamia, FHFA, iliidhinisha FICO 10T na VantageScore 4.0, na Julai 2025 ikatangaza kwamba wakopeshaji wataruhusiwa kutumia VantageScore 4.0. Kati ya tangazo na meza ya afisa wako pana safari ndefu, kwa hiyo usibashiri, muulize afisa mwenyewe. Mikopo yenye dhamana ya FHA, idara ya serikali ya makazi, nayo ina kizingiti kinachojulikana: ukiwa na 580 kwenda juu unaweza kutanguliza asilimia 3.5 ya bei, na kati ya 500 na 579 unatakiwa asilimia 10. Mkopeshaji binafsi anaweza kuweka kizingiti chake juu zaidi ya hapo.

Maswali ya kumuuliza mkopeshaji kabla hujasaini chochote ni haya, na yaulize kwa kinywa kipana: "Mnavuta kutoka kampuni gani? Mnatumia alama gani, toleo gani?" Sisi tumelelewa kuona haya mbele ya mtu wa ofisini. Kuna afisa atakayesema hajui. Mwombe amuulize anayejua. Na akikuambia "tutaona tukishaomba," jua kwamba ombi hilo litaacha ulizo kwenye faili lako, na ulizo hilo hukaa miaka miwili, ingawa FICO hulihesabu kwa mwaka mmoja.

Pointi za mzee zilidondoka wapi

Turudi kwa dereva wetu. Nilimwambia alete karatasi ya afisa, simu yake, na taarifa za kila mwezi za kadi zake mbili, za miezi mitatu. Tukatandaza mezani.

Programu ya simu ilikuwa ya Credit Karma, ambayo huonyesha VantageScore 3.0 kutoka TransUnion na Equifax. Afisa alivuta FICO za zamani. Tayari hapo tunalinganisha embe na fenesi.

Kisha tukakuta deni la dola 412. Walipohama nyumba ya kwanza mwenye nyumba aliwadai usafi wa zulia, bili ikaenda anwani ya zamani, ikauzwa kwa wakusanya madeni. Mzee alilipa yote mara alipopigiwa simu na akaona amemaliza. Kwenye VantageScore 3.0 alikuwa kweli amemaliza. Kwenye matoleo ya afisa bado doa lilikuwepo, na litakaa miaka saba tangu siku ya kwanza ya kuchelewa. Wakusanya madeni wale walikuwa wamelipeleka kwa kampuni mbili tu, zilezile zilizompa 648 na 655. Iliyompa 671 haikuwa na habari nalo.

Nikamuuliza kuhusu kadi. Akakasirika kidogo. "Kadi nalipa yote kila mwezi, sijawahi kulipa riba hata senti." Ni kweli, taarifa za kadi zilionyesha hivyo. Lakini kadi yake ya ukomo wa dola 1,000 ndiyo anayonunulia matairi na chakula cha njiani. Hesabu ya mwezi hufungwa tarehe 12. Yeye hulipa tarehe 15 anapopata mshahara. Tarehe 12, benki inapopeleka taarifa zake, inaandika kwamba anadaiwa dola 820. Siku tatu baadaye deni ni sifuri, ila hakuna aliyeandika sifuri hiyo. Mwezi ule wa matairi faili linasema mtu huyu ametumia asilimia 82 ya kadi yake, na kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30 hivi kwenye FICO, cha pili baada ya historia ya kulipa yenye asilimia 35.

Programu ya simu ilisasishwa siku moja kabla ya safari yake ya matairi. Afisa alivuta tarehe 14.

Alitulia muda mrefu. Mkewe ndiye aliyevunja ukimya: "Kwa hiyo tatizo ni siku tatu?" Sehemu yake, ndiyo. Mzee akahamisha siku ya kulipa hadi tarehe 9, afisa akapeleka ushahidi wa salio jipya kupitia njia ya haraka ambayo wakopeshaji wa nyumba wanayo, isiyosubiri mzunguko wa mwezi. Lile deni la zulia hatukuligusa. Lilikuwa la kweli, na anayewaahidi kulifuta deni la kweli anataka zile dola 500 zenu. Alama ya katikati ilipanda ikapita 680. Nyumba ya pazia ilikuwa imeshanunuliwa na wengine. Walipata nyingine mwezi wa saba.

Kwa wale wanaokwepa kadi kwa sababu ya riba: mzee huyu hajawahi kulipa riba ya kadi, na bado ana faili. Halali na haramu ya mkataba wenyewe namwachia sheikh. Mimi ni mtu wa fomu.

Tazama ripoti, na uitunze barua

Namba ya kwenye simu itazame kama unavyotazama hali ya hewa, ujue kama mawingu yanakusanyika. Ikishuka pointi 60 kwa usiku mmoja, kuna jambo. Ikipanda nne, endelea na chai yako. Hata mashine hukosea. Kati ya Machi 17 na Aprili 6, 2022, kosa la kompyuta za Equifax lilisababisha wakopeshaji kupewa alama zisizo sahihi, na watu chini ya 300,000 walipotoshwa kwa pointi 25 au zaidi. Wale hawakuwa na la kufanya na simu zao.

Kitu cha kukifungua ni ripoti. Kwenye AnnualCreditReport.com unapata zote tatu bure, kila wiki ukitaka. Huduma hiyo ya kila wiki ilianza wakati wa korona na mwaka 2023 ikafanywa ya kudumu. Humo hutakuta alama, na watu wengi hufunga ukurasa kwa kudhani wamekosea njia. Hawajakosea. Humo kuna jina lako lilivyoandikwa, anwani ulizowahi kukaa na ambazo hujawahi kukaa, kila akaunti, kila tarehe. Chapa zote tatu, uziweke sambamba mezani, upitie mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Inachukua jioni moja. Mwite na kijana wako wa sekondari akusomee, naye ajifunze.

Kuna karatasi moja zaidi, ambayo nyinyi huitupa. Mkopeshaji akikunyima mkopo, au akikupa kwa masharti mabaya, kwa sababu ya taarifa zako za mikopo, sheria inamtaka akutumie barua. Tangu Julai 2011 barua hiyo lazima itaje alama aliyoitumia yenyewe, tarehe yake, kampuni iliyoitoa, kipimo chake kinaanzia ngapi hadi ngapi, na sababu kuu zilizoishusha. Soma tena orodha hiyo. Lile swali la "walitumia ipi" linajibiwa kwa maandishi, bila malipo, na barua inafika mlangoni. Nimeona barua hizo zimefungiwa maandazi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, naye ana haki. Walio na barua ya namna hiyo nyumbani, hata iliyokunjwa, waje nayo Jumamosi ijayo, meza yangu itakuwa palepale karibu na mlango wa jikoni. Barua hiyo inakupa pia haki ya kuomba ripoti bure kutoka kampuni iliyotajwa ndani yake, na muda wa kuomba ni siku 60 tangu ulipoipokea.